Ofisi Iliyokuwa na Magurudumu

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kijitabuni, leo twataka kuwaelezea habari za behewa moja la gari la moshi. Behewa lenyewe halikuwa na ajabu lilipoundwa. Lilikuwa la kulia chakula, lenye madirisha makubwa, ili abiria wapate kula huku wakitazama nchi inavyopita. Namba yake ilikuwa 2419 D. Baadaye liligeuzwa kuwa ofisi, na katika ofisi hiyo, alfajiri ya tarehe 11 Novemba 1918, watu walitia sahihi karatasi iliyosimamisha Vita Kuu ya Kwanza. Tangu hapo likapata sifa kuliko majumba mengi ya wafalme.

Vitabu vya Ulaya vimelieleza sana behewa hili, hasa kwa ajili ya heshima ya walioshinda na fedheha ya walioshindwa. Sisi twataka kulifuata kwa njia nyingine pia. Ofisi ni mahali panapotoka amri, na amri ikisha kutoka mlangoni huenda mbali kuliko jicho la aliyeiandika. Katika karatasi ile mlikuwa na sharti moja lililoitaja Afrika ya Mashariki kwa jina lake. Basi tutaeleza kwanza behewa lilivyokuwa, kisha tutaifuata karatasi hata ilipofika huku kwetu.

Tuanze kiwandani. Mwaka 1914, katika mji wa Saint-Denis karibu na Paris, mafundi waliliunda behewa hili kwa amri ya kampuni iitwayo Wagons-Lits. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa na Mbelgiji Georges Nagelmackers, haikufanya kazi ya kujenga reli. Kazi yake ilikuwa kuweka mabehewa ya kulala na ya kulia chakula katika magari ya moshi ya nchi nyingi za Ulaya, na wenye fedha waliyapenda sana. Ubavu wa behewa ulikuwa wa mbao za msaji zilizopakwa vanishi hata zikang'aa, na jina la kampuni lilikuwa juu kwa herufi za shaba. Likaanza kazi magharibi ya Ufaransa. Lakini mwezi wa Agosti mwaka ule ule vita vikazuka, na muda wa miaka minne safari za raha zilikuwa chache.

Mwaka 1918 jeshi la Ufaransa lililichukua kwa matumizi ya Jemadari Mkuu Ferdinand Foch, ambaye mwaka huo alipewa amri juu ya majeshi yote ya Mataifa ya Muungano yaliyopigana Ufaransa. Pengine msomaji atauliza, mtu mkubwa namna hii alikosaje nyumba ya mawe hata afanye kazi katika behewa? Sababu ni nyepesi. Mstari wa vita ulikuwa mrefu mno, tena ulikuwa ukisogea kila siku. Jemadari aliye nyumbani huzisubiri habari, bali aliye na ofisi juu ya reli huzifuata. Hulala njiani, makarani wake huandika njiani, na asubuhi huamka karibu na watu anaotaka kusema nao. Basi meza ndogo za chakula ziliondolewa, ikawekwa meza moja kubwa katikati ya kutandazia ramani, na makarani nao wakapewa nafasi yao. Mwezi wa Oktoba 1918 ofisi ilikuwa tayari.

Wakati huo Ujerumani ilikuwa imechoka. Watu wake walikuwa na njaa, marafiki zake wameanguka mmoja mmoja, na askari wake walikuwa wakirudi nyuma. Serikali yake ikaomba vita visimame. Foch akachagua mahali pa siri pa kuonana na wajumbe, katika msitu wa Compiègne, karibu na stesheni ndogo ya Rethondes. Pale msituni palikuwa na reli za kando zilizowekwa kwa ajili ya mizinga mikubwa iendayo juu ya reli. Gari lake likaingia katika njia moja, na la Wajerumani katika nyingine, umbali wa hatua chache tu, miti ikiwazunguka pande zote.

Wajumbe wa Ujerumani waliuvuka mstari wa vita usiku wa tarehe 7 Novemba. Mkubwa wao hakuwa jemadari. Alikuwa Matthias Erzberger, mtu wa siasa, ambaye zamani alipata kuwa mwalimu wa shule. Pamoja naye walikuwa Oberndorff wa mambo ya nchi za nje, Jemadari Winterfeldt, na Kapteni Vanselow wa manowari. Walipitishwa kwa motakaa katika nchi iliyoharibiwa na vita, kisha wakapandishwa gari la moshi usiku, na asubuhi ya tarehe 8 wakajikuta msituni, wasijue ni wapi.

Walipoingia katika behewa walimkuta Foch, msaidizi wake Jemadari Weygand, na Waingereza wawili wa manowari, Admirali Wemyss na Admirali Hope. Foch hakuwakaribisha kwa maneno matamu. Aliwauliza wamekuja kutafuta nini. Wakajibu kwamba wamekuja kusikia maneno ya Mataifa ya Muungano juu ya kusimamisha vita. Akasema yeye hana maneno ya kutoa. Kama wanataka vita visimame, waombe. Wakaomba. Ndipo Weygand aliposoma masharti, nao wakapewa saa 72 za kujibu, na muda wote huo mizinga isinyamaze.

Masharti yalikuwa mazito. Ujerumani itoke Ufaransa na Ubelgiji upesi. Itoe mizinga 5,000, bombomu 30,000, ndege 2,000 na malori 10,000. Itoe pia injini za gari la moshi 5,000 na mabehewa 150,000. Sharti hilo la mwisho lilitushangaza tulipolisoma mara ya kwanza, kwamba ndani ya behewa moja watu waliketi wakihesabu mabehewa laki moja na nusu! Walakini halikuwa neno la mchezo. Jeshi lisilo na reli halina mkate wala risasi, na aliyeyachukua mabehewa ya adui alikuwa amemfunga miguu.

Mjumbe mmoja, Kapteni Helldorff, alitumwa na karatasi mpaka Spa, mji wa Ubelgiji ulimokuwa na makao makuu ya jeshi la Ujerumani. Alipokuwa akienda, nchi yake iligeuka nyuma yake. Tarehe 9 Novemba ilitangazwa Berlin kwamba Kaisari Wilhelm ameacha ufalme, na Ujerumani ikawa jamhuri. Kwa hiyo Erzberger aliyeingia msituni akiwa mjumbe wa Kaisari alibaki akingoja neno la serikali aliyoiacha haijazaliwa. Neno likaja jioni ya tarehe 10: tieni sahihi.

Usiku ule wakakaa tena mezani. Wajerumani walifaulu kupunguza mambo machache. Bombomu zikawa 25,000, ndege 1,700, malori 5,000. Na sharti la kumi na saba nalo likabadilishwa maneno, kama tutakavyoeleza. Kulipokaribia kupambazuka, baada ya saa kumi na moja alfajiri kwa dakika chache, wakatia sahihi, nayo ikaandikwa kuwa ni saa kumi na moja kamili. Vita vitakoma baada ya saa sita.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana saa za Ulaya na saa zetu zimewapoteza wanafunzi wengi. Wazungu husema kwamba vita vilikwisha saa ya kumi na moja, ya siku ya kumi na moja, ya mwezi wa kumi na moja. Kwa saa zetu za Kiswahili hiyo ni saa tano ya asubuhi. Lakini kwa saa zetu hizo hizo, sahihi zilitiwa saa kumi na moja. Kwa hiyo kati ya saa kumi na moja yetu na saa kumi na moja yao kuna saa sita nzima, na ndani ya saa hizo watu walikuwa wakifa. Yakadiriwa kwamba siku hiyo ya mwisho peke yake walikufa watu zaidi ya 2,700 katika mstari wa Ufaransa na Ubelgiji. Wakubwa wengine, ingawa walikuwa wamekwisha pata habari, waliwaamuru askari wao wasonge mbele mpaka dakika ya mwisho. Waliosema ni lazima kuacha muda ili simu zifike kwa kila kikosi walisema kweli. Hata hivyo hatuoni udhuru wa yule aliyeipata simu mkononi na bado akawapeleka watu mbele ya bombomu.

Ikiwa habari ilihitaji saa sita kufika mwendo wa gari la moshi la siku moja, ilihitaji muda gani kufika kwetu?

Sharti la kumi na saba, lilivyosomwa mara ya kwanza behewani, lilidai kwamba majeshi yote ya Ujerumani yanayopigana katika Afrika ya Mashariki yajitoe mikononi mwa adui pasipo sharti, kabla ya mwezi mmoja kupita. Erzberger na wenzake walilipinga, kwa kuwa jeshi lile lilikuwa bado halijashindwa. Maneno yakalegezwa: majeshi hayo yaondoke katika muda utakaowekwa na Mataifa ya Muungano. Mstari mmoja tu, baada ya mistari mingi juu ya mito ya Ulaya na manowari.

Jeshi lenyewe lilikuwa la Paul von Lettow-Vorbeck. Kwa miaka minne alikuwa akifukuzwa, kutoka Kilimanjaro mpaka Rufiji, kutoka Rufiji mpaka Ruvuma, kisha katika nchi ya Wareno, kisha akarudi tena na kupita kusini ya nchi hii. Mwanzo wa Novemba 1918 aliingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wazee walioviona vita hivyo walitaja zaidi mizigo kuliko mizinga, nao walikuwa na haki. Nchi nyingi alimopita zilikuwa na mbung'o, na mbung'o huua farasi, nyumbu na ng'ombe. Njia za motakaa zilikuwa chache. Basi kila risasi, kila kibaba cha unga, kila machela ya mgonjwa, ilibebwa na mtu, kichwani au begani, mzigo wa ratili 50 hivi. Kwa upande wa Waingereza yakadiriwa kwamba watu karibu milioni moja waliandikwa kazi ya upagazi, wengine kwa hiari na wengi kwa nguvu, na waliokufa hawapungui 95,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, na malaria, na unga mbichi ambao tumbo halikuuzoea, na baridi ya milimani kwa mtu wa pwani. Wajerumani nao walichukua watu na chakula vijijini pasipo kuandika hesabu kamili, na njaa ilifuata nyuma ya majeshi ya pande zote mbili.

Majina ya miji yetu yamehifadhi habari hii kuliko karatasi za behewani. Mtu wa Dar es Salaam anayekwenda Kariakoo kununua nguo, na mtu wa Nairobi anayekwenda Kariokor, hulitamka jina la kikosi kile cha wapagazi, Carrier Corps, lililogeuzwa na vinywa vya watu.

Hata ilipofika saa tano ile ya tarehe 11 Novemba, mizinga ya Ufaransa iliponyamaza, huku hapakunyamaza kitu. Vikosi vya Lettow-Vorbeck vilikuwa vikiendelea kusini, na King's African Rifles wakiwafuata nyuma, vikaushika mji wa Kasama. Asubuhi ya tarehe 14, kwenye mto Chambeshi, ndipo mkubwa wa wilaya, Hector Croad, alipoonana na Lettow-Vorbeck juu ya habari ya kusimamishwa kwa vita. Mahali pale pana mnara wa ukumbusho. Kisha jeshi likapanda kwenda Abercorn, yaani Mbala ya leo, na tarehe 25 Novemba likaweka silaha chini. Walikuwa Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168, pamoja na wapagazi, wanawake na watoto waliowafuata kwa miezi mingi. Tangu sahihi ya msituni zilikuwa zimepita siku 14 kamili.

Kwa maneno ya karatasi jambo lilikuwa limekwisha. Walakini watu hawakwenda nyumbani mara moja. Walivushwa kwa meli katika ziwa Tanganyika hata Kigoma, wakapandishwa gari la moshi la reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka ule ule wa 1914 ulioundwa behewa letu. Askari walishushwa Tabora na kuwekwa kizuizini, na mafua makali yaliyoizunguka dunia mwaka ule yakawakuta huko. Mishahara yao ya miaka ya vita haikulipwa. Mwaka 1964, baada ya miaka 46, ndipo Bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa waliosalia, ikafunguliwa ofisi ya muda Mwanza kwa kazi hiyo. Wapagazi, sharti la kumi na saba halikuwataja, na wengi waliokufa upande wa Waingereza waliacha mshahara ambao hapakutokea mtu wa kuudai. Nani angeudai, ikiwa nyumbani hawakujua amekufia wapi?

Turudi sasa kwa behewa. Foch aliendelea kulitumia mpaka 1919, kisha likarudi kwa kampuni na kufanya kazi ya chakula kwa muda mfupi. Fikirini, wasikilizaji: mtu alikaa akanywa mchuzi pale pale zilipotiwa sahihi zile! Lakini Wafaransa hawakutaka liendelee hivyo. Likapewa Jumba la Makumbusho ya Jeshi, na kuanzia 1921 mpaka 1927 lilisimama katika ua wa Invalides, Paris, juani na mvuani, hata likaanza kuharibika. Mmarekani mmoja tajiri, Arthur Henry Fleming, akatoa fedha za kulitengeneza na kulijengea nyumba msituni Compiègne. Mwezi wa Novemba 1927 likarudishwa huko. Karibu yake paliwekwa jiwe kubwa lililochorwa maneno ya kukilaumu kiburi cha Dola ya Ujerumani.

Katika waliotia sahihi, aliyepata taabu kubwa ni Erzberger. Nchini mwake wengi walimwita msaliti, kana kwamba yeye ndiye aliyevishindwa vita. Majemadari walioviongoza vita hawakuwepo mezani, na lawama ikamwangukia yeye aliyeshika kalamu. Tarehe 26 Agosti 1921 alipokuwa akitembea katika Msitu Mweusi, wauaji wawili walimpiga risasi akafa. Twaona kwamba kifo hiki hueleza mambo ya baadaye kuliko jiwe lolote lililowekwa Compiègne, kwa maana chuki iliyomwua haikuzikwa naye.

Mwaka 1940 Ujerumani ya Hitler iliishinda Ufaransa kwa majuma sita. Hitler akaamuru Wafaransa waletwe msituni pale pale, na behewa litolewe katika nyumba yake. Mlango ulikuwa mdogo, kwa hiyo askari wakauvunja ukuta na kulivuta nje, wakalisimamisha mahali liliposimama mwaka 1918. Tarehe 21 Juni Hitler aliingia, akaketi katika kiti cha Foch, akasikiliza utangulizi ukisomwa, kisha akatoka. Jioni ya tarehe 22 Jemadari Huntziger akatia sahihi kwa ajili ya Ufaransa. Safari hii behewa halikuwa ofisi ya mtu yeyote. Hapakuwa na ramani wala makarani waliohitaji magurudumu. Lililetwa ili lionekane tu.

Baada ya hayo likapelekwa Berlin likawekwa katika uwanja wa Lustgarten, watu wakaja kulitazama. Nyumba yake ya Compiègne ikabomolewa na jiwe likavunjwa. Sanamu ya Foch peke yake iliachwa, isimame ikitazama uwanja mtupu. Ndege za Waingereza na Wamarekani zilipozidi kuupiga mji wa Berlin, behewa liliondolewa likafichwa Thuringia, katikati ya Ujerumani, na mwaka 1945, karibu na kijiji cha Crawinkel, likateketea kwa moto.

Lakini mafundi wa Saint-Denis hawakuwa wameunda moja tu. Lilikuwako behewa jingine la aina ile ile, namba 2439 D, ambalo nalo lilikuwa katika gari la Foch mwaka 1918. Kampuni ikalitoa. Likapangwa meza na viti kama lile la kwanza, likaingizwa katika nyumba mpya, na sherehe ikafanywa tarehe 11 Novemba 1950. Tarehe 10 Novemba 2018 Rais Macron wa Ufaransa na Bibi Merkel, mkuu wa serikali ya Ujerumani, waliingia humo wakaketi mezani pamoja. Mgeni anayefika leo hataiona namba 2439. Siku ile ya mwaka 1950 ilibadilishwa, na behewa likaitwa 2419 D.